Baba Nuru wa Treni ya Pugu

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkasema niliwaficha. Siku yangu ya kwanza kazini nilimpitisha mdogo wangu dirishani mwa treni ili anishikie siti. Alikuwa na miezi saba. Siti aliishika vizuri sana. Treni ikaondoka naye, mie nikabaki chini na kigari chake.

Chekeni mmalize, tuendelee.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nawaandikia nyie wa darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza ambao mama zenu wameanza kuvaa madera mapana na kutafuna udongo. Mnadhani haiwahusu. Inawahusu. Siku moja mtaambiwa "mshike mdogo wako kidogo", na hicho kidogo kitaisha mkiwa mnanyoa ndevu. Bora msikie kwa aliyetangulia.

Kazi ilinijia hivi. Mama ni fundi cherehani. Anashona katika duka la nguo za harusi la Mama Fatema, Mhindi wa Upanga, mjini kabisa, wakati sie tunakaa Gongo la Mboto. Baba ni dereva wa lori. Wiki hii yupo Tunduma, wiki ijayo yupo njiani kwenda Tunduma. Likizo ya uzazi ya mama ilipoisha, dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani aliomba aende kwao Singida wiki mbili, na mpaka leo hizo wiki mbili hazijaisha. Nuru naye aligoma chupa. Tulijaribu za kila rangi. Aliitazama chupa kama mtu aliyeletewa soksi ya jirani kwenye sahani. Kwake ilikuwa ziwa la mama au kelele.

Mama Fatema ndiye aliyesema mtoto aletwe dukani. Kulikuwa na kona nyuma ya majora ya vitambaa, atanyonya na kulala pale, fundi aendelee kushona. Akatoa na kigari cha mtoto walichokulia wajukuu zake, kikubwa, cheusi, chenye paa kama la bajaji. Tatizo mama alikuwa anaondoka alfajiri, Nuru akiwa bado usingizini. Alitakiwa mtu wa kumleta mjini na treni ya mwisho ya asubuhi na kumrudisha na ile ya kwanza ya jioni. Likizo ya Juni ilikuwa imefungua mlango, na nyuma ya mlango nilikuwa nimesimama mie, mwanafunzi wa kidato cha pili, nikitafuna muwa.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kazi ya mchezo. Jioni ya kabla ya siku ya kwanza mama aliniita akiwa anakunja nguo. Akaniambia wanajaribu wiki moja. Nikishindwa hatanilaumu, atamwambia Mama Fatema atafute fundi mwingine, yeye akae nyumbani mpaka Nuru akue. Alisema bila kunitazama, kama anayezungumzia kubadilisha sabuni. Lakini mie nilijua. Miaka yote mama alikuwa mtu wa kupinda mapindo ya mapazia. Magauni ya harusi ndiyo kwanza alikuwa amepewa, na gauni lake la kwanza lilikuwa bado halina mikono.

Asubuhi nikakuta ameniachia vitu vitatu kitandani: mkoba wa Nuru, simu ndogo ya kitochi na khanga ya mbeleko. Mkoba nikachukua. Simu nikachukua. Khanga nikaisukumiza chini ya godoro. Mwanaume wa kidato cha pili atoke Gongo la Mboto kafunga khanga kifuani, halafu wenzake wamwone? Nilikuwa na kigari. Nikamweka Nuru ndani, nikateremka naye kuelekea stesheni, magurudumu yakilia kwenye kokoto, na kila mama niliyepishana naye akaniuliza kwa nini mtoto nimemweka kwenye toroli.

Nyie mtakaopanda treni ya umeme hamtaelewa hapa, kwa sababu madirisha yake hayafunguki. Treni yetu ya mjini ilikuwa na sheria yake. Inaanzia Pugu, ikifika kwetu imeshajaa, na mlangoni hapapitiki. Kwa hiyo siti ilikuwa inakamatwaga kupitia dirishani. Unarusha kofia, daftari, leso, hata kandambili. Kitu chako kikishatua, siti ni yako, na hakuna mtu mzima mwenye heshima zake atakayekalia kandambili ya mwenzake.

Treni ikasimama. Mbele yangu kabisa, dirishani, nikaona siti moja iliyoachwa na mtu aliyeshuka, na pembeni yake bibi mmoja amepakata ndoo ya korosho. Nikajipapasa. Kofia sina, leso sina, mkoba umenasa chini ya kigari. Mkononi nilikuwa na Nuru tu, nimeshamtoa kwenye kigari.

"Bibi, shikamoo, nishikie hapo," nikasema, nikampitisha.

Yule bibi alinyoosha mkono akitegemea leso. Akapokea mtoto. Hakuwahi hata kuitikia marahaba.

Nikarudi kwenye kigari. Mlangoni alikuwepo mkaguzi wa tiketi, mrefu, miwani imeteremka puani, akaniambia nikikunje kwanza, kikiwa kimesimama hakiingii. Nikakikunja. Hakikukunjika. Nikakibonyeza paa, nikakivuta mpini, nikakipiga teke, nikakiomba. Honi ikalia. Nikaanza kukimbia nacho sambamba na behewa nikiita "bibi, bibi", gurudumu moja likienda kulia na mengine matatu kushoto, mpaka sakafu ya stesheni ikaisha na treni ikaendelea.

Najua mnataka kujua Nuru yuko wapi. Wastaafu hatukimbizwi tukiwa tunasimulia. Lakini kwa kuwa hata mie hapo sipendi kukaa sana, nitaendelea.

Nje ya stesheni anapaki Side, bodaboda wa mtaani kwetu. Aliniona nakuja mbio nasukuma kigari kitupu.

"Dogo, kigari kipo. Mtoto yuko wapi?"

"Kapanda treni."

Side hakuuliza la pili. Aliwasha pikipiki, mie nikakaa nyuma nimekinyanyua kigari kichwani, paa likashika upepo, kila tukiongeza mwendo nahisi tunataka kuruka. Akili yangu ilikuwa moja tu: treni inaishia Stesheni mjini, tuiwahi huko kabla watu hawajatawanyika. Tulipita Karakata bila kugeuza shingo. Hilo la Karakata likumbukeni.

Tukiwa tumenasa kwenye foleni ya Buguruni, simu ikaita. Mama.

"Mmefika wapi?"

"Buguruni, mama."

"Nuru?"

"Amelala."

"Mbona nasikia pikipiki?"

"Ziko barabarani huko, mama."

Akakata. Nilikuwa nimejibu vizuri, sentensi tatu, hakuna hata moja iliyotetemeka, na ndiyo sauti yangu ninayoichukia kuliko zote nilizowahi kuzitoa.

Stesheni tulikuta treni imeshafika na watu wanamwagika getini. Nikasimama katikati na kigari changu kitupu. Nikatazama kila mgongo wenye mtoto. Migongo ilikuwa mingi. Kulikuwa na watoto wa kofia, watoto wa kilio, watoto wa biskuti. Nuru hakuwepo. Watu wakapungua, wakabaki wachache, wakaisha. Ndani ya mabehewa mama mmoja alikuwa ameshaanza kufagia. Nikaanza kuhesabu hatua za kutoka pale mpaka dukani kwa Mama Fatema, na sentensi nitakayoanza nayo, na sikuipata.

Yule mkaguzi wa miwani akashuka na kuniona.

"Wewe si wa kigari?"

Akanieleza kwa utulivu kabisa, kama anayetaja ratiba. Bibi wa korosho, Bi Somoe, abiria wake wa kila siku, alishuka na mtoto Karakata, kituo kilichofuata tu. Alimuuliza anashukia nini pale wakati wateja wake wote wako mjini. Bibi akamjibu kwamba mwenye mtoto atamtafuta kwenye kituo kinachofuata, mtu mwenye akili hawezi kukipita.

Mie nilikuwa nimekipita kwa mwendo kasi, na kigari kichwani.

Tukarudi Karakata, tukamkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, ndoo ya korosho mbele yake, imejaa vilevile ilivyokuwa. Nuru yuko mgongoni, amefungwa, shavu limelala, mdomo wazi, udenda unashuka. Hakuwa hata na habari kwamba alipotea. Nikataka kusema shikamoo na asante kwa pamoja, kikatoka kilio. Kidato cha pili kizima kikatoka. Side akageuka pembeni akajifanya anakagua tairi.

Bi Somoe aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Ni mtu wa Lindi, mwembamba, anaongea taratibu kama anabangua kila neno. Akaniuliza mbeleko iko wapi.

"Nyumbani, bibi. Chini ya godoro."

"Inafanya nini chini ya godoro?"

Nikajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Inama," akasema.

Sasa hapa chukueni kalamu. Unainama kama unayeokota kitu, mgongo uwe meza. Mtoto analazwa juu, kifua chake kwenye mgongo wako, miguu ikumbatie kiuno. Khanga inapita juu yake, chini kidogo ya shingo. Pindo la juu linapita chini ya kwapa zako zote mbili, unalikaza mbele kifuani na kulisokota mpaka likae. Pindo la chini linashika makalio ya mtoto na kufungwa kiunoni. Hapo ndipo wengi tunakosea: tunakaza juu, tunasahau chini, mtoto anateremka kama gunia. Ukishafunga unajitikisa. Kama hujiamini kujitikisa, hujafunga.

Alinifunga kwa khanga yake mwenyewe. Wanawake wanavaa doti, moja chini na moja juu, na Bi Somoe alivua ya juu akabaki na moja. Nikamwambia nitamrudishia kesho. Akasema anajua, ila mama yangu ataiona kwanza, na atauliza ni ya nani.

"Naweza kumwambia nimeazimwa na jirani," nikasema.

"Unaweza," akasema, akanyanyua ndoo yake.

Side akatangulia na kigari mpaka dukani, sie tukapanda basi. Bibi alikwenda kutafuta wateja wa mchana, maana wa asubuhi walikuwa wameshakula za wengine. Mie nikaenda kwa mama.

Lakini kabla sijafika kwa mama, niwape vitu viwili vitatu vya kazi, kwa sababu likizo ile, Jumamosi zote zilizofuata na likizo ya Desemba (siku za shule mama alimwamsha alfajiri, kwa vilio), nilisafiri na Nuru peke yetu, na mengine sikufundishwa na mtu.

Pampasi haibadilishwi treni ikikaribia kituo. Breki za treni yetu zilikuwa hazibembelezi mtu. Unabadilisha ikishaondoka, umemlaza kwenye mapaja, goti moja limebana mkoba, na mifuko miwili ya plastiki iko tayari. Mmoja ni wa pampasi. Wa pili ni wa suruali yako.

Kigari kikishaingia, kifunge breki hata kama unadhani kimekaa. Mie nilisahau mara moja. Treni ilipoondoka kigari kikaanza safari yake, kikapita katikati ya behewa bila mtu, kikasimama kwenye beseni la mama mmoja muuza samaki, ambaye alikiuliza kigari, sio mie, kinataka kilo ngapi.

Usikae nyuma ya sista mwenye wigi. Sitaeleza. Itoshe kusema Nuru alikuwa na mkono mwepesi, na mie niliomba msamaha nikiwa nimeshika nywele za mtu kwa mikono miwili.

Mtoto akilia, abiria wote ni madaktari. Mmoja atasema tumbo, mwingine meno, mwingine atasema mama yake yuko wapi. Bi Somoe alinifundisha nisimjibu yeyote. Nisimame, nijitikise kufuata mdundo wa magurudumu, nimwimbie chochote. Nilikuwa sijui nyimbo za watoto, nikawa namwimbia singeli, muziki wa mbio kuliko yote, kwa sauti ya chini, polepole, kama dua. Alikuwa analala kabla ya Vingunguti.

Humo ndimo nilipopewa jina la Baba Nuru. Mkaguzi ndiye aliyeanza. Mwezi wa pili wa kazi behewa zima lilikuwa linaniita hivyo, "Baba Nuru, pita huku", "Baba Nuru, mtoto kakua", na siku moja wanafunzi wenzangu watatu wakapanda Karakata wakasikia. Nilikuwa na khanga kifuani. Nilifikiri nitakufa. Walicheka mpaka Buguruni, halafu mmoja akaomba ambebe. Alipompata akakataa kumrudisha mpaka mwisho wa safari. Shuleni wanaeneza habari zangu mpaka leo, lakini anayeeneza zaidi ni yule aliyegoma kumrudisha.

Siku hizi Nuru anatembea. Kutembea ni neno la heshima. Anakimbia, na ukimshika mkono anasema "sitaki" kwa sauti ya mtu mwenye nyumba. Anakula ugali. Tumepata dada mwingine. Kigari kiko Goba kwa mama mdogo, kinapandisha ndoo za maji kwenye vile vilima, paa limetolewa. Bi Somoe amerudi Lindi kwa binti yake. Nasikia kuna mjukuu mpya, na nina hakika hana shida ya mbeleko. Treni ikipiga honi Nuru anasimama alipo na kuipungia mkono, ingawa hakumbuki kitu. Anayekumbuka ni mgongo wangu. Ikifika saa mbili asubuhi, niko darasani, kuna mahali katikati ya mabega panapoa, na najikuta nimejitikisa kidogo kwenye dawati. Mwalimu wa hesabu anadhani ni utukutu. Safari hii ananionea.

Basi turudi dukani.

Mama alikuwa kwenye cherehani, gauni jeupe limejaa mapajani, pini zimepangwa midomoni. Aliniona mlangoni. Macho yakaenda kwa Nuru, yakamkagua kuanzia kichwani mpaka vidole, halafu yakashuka kwenye khanga, yakabaki hapo. Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa chake, akampokea mtoto na kumnyonyesha. Nuru alinyonya kama aliyetembea kwa miguu kutoka Pugu.

"Khanga ya nani?"

Jirani alikuwa ameshafika kwenye ulimi wangu. Nilimsikia kabisa yuko pale, na jina nilikuwa nimeshampa. Nikammeza. Nikasimulia yote: dirisha, Side, Karakata tulivyoipita, na ile simu, sentensi zote tatu, moja baada ya nyingine. Nyuma ya meza Mama Fatema alikuwa anampimia mteja kitambaa. Mkono wake ukasimama katikati ya mita.

Mama alisubiri Nuru aachie ziwa mwenyewe. Kisha akasimama, gauni akaliweka juu ya mashine, akamwendea Mama Fatema na kumpakatisha mtoto. Nikajua ndiyo basi. Anaaga. Nikatazama lile gauni. Mkono mmoja ulikuwa umeshashonwa.

Lakini alikuja kwenye kigari. Akainama, akaweka unyayo kwenye kichuma kidogo karibu na gurudumu la nyuma, ambacho mie nilikuwa nimekipiga teke pande zote isipokuwa hapo, akavuta mkanda mmoja chini ya kiti. Kigari kikajikunja chote kama mwavuli. Akakifungua. Akaniambia nijaribu. Nikakikunja, akakifungua, nikakikunja tena, mara ya tatu nikakikunja bila kutazama.

Akarudi kitini, akalivuta gauni mapajani, akachomoa pini ya kwanza. Na kabla hajaitia mdomoni alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Kesho uwahi treni ya kabla ya hiyo, ile haijai. Nuru aingie mgongoni mwako, kigari ndiyo kipite dirishani. Na khanga ya watu uifue."